Wiki Ambayo Mbiu Haikulia Karachi

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kulidharau joto. Likizidi tunalilaani, tunajipepea kwa gazeti, tunahamishia mkeka barazani, na kesho yake tumesahau. Mafuriko yakija tunakimbia. Kipindupindu kikiingia tunachemsha maji. Lakini joto? Aa, joto ni joto tu, limekuwapo tangu enzi za babu zetu. Leo nataka kuwaelezeni habari za mji mmoja wa pwani uliokuwa na mazoea kama yetu, na yaliyoupata katika wiki moja ya mwezi wa Juni, mwaka 2015. Mji wenyewe ni Karachi, nchini Pakistan.

Karachi si mji mgeni kwetu. Katika mtaa wake wa Lyari wanaishi mpaka leo watu waitwao Sheedi, ambao mababu zao walitoka upande huu wa Afrika, wengi wakiwa wamechukuliwa utumwani. Hata upepo wetu ni mmoja. Huu tunaouita kusi hupita pwani yetu, ukavuka ikweta, ukageuka kuelekea mashariki, na katika miezi ya Juni na Julai unavuma katika Bahari ya Arabu hadi kule kwao. Kwa karne nyingi, upepo wa baharini ndio uliokuwa feni ya mji ule.

Juni ile upepo uligoma. Mgandamizo mdogo wa hewa ulitanda juu ya bahari, upepo wa baharini ukakatika, na hewa ya moto kutoka bara ikaujia mji. Jumamosi tarehe 20 Juni kipimajoto kilisoma nyuzi 44.8 za Sentigredi. Usiku nao haukuleta nafuu.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo kila mwenye mtungi nyumbani analijua bila kufundishwa. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu mtungi unatoa jasho, na jasho lile likikauka linaondoka na joto. Mahali pakavu kama Dodoma mtungi hupoza maji vizuri. Pwani, siku za fukuto, hewa imeshajaa unyevu, jasho la mtungi halikauki, na maji yanabaki vuguvugu. Mwili wa binadamu ni mtungi wa namna hiyo. Jasho linalotiririka bila kukauka halimpozi mtu. Linampotezea maji tu, huku moyo ukihangaika kusukuma damu kuelekea kwenye ngozi. Joto la mwili likipita nyuzi 40 akili huanza kuchanganyikiwa, na asipopozwa haraka mtu hufa. Ndiyo maana nyuzi 40 za pwani ni hatari kuliko nyuzi 40 za jangwani.

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyorundikana. Upepo umekatika. Umeme nao umekatika, maana Karachi ilikuwa na mgao wa muda mrefu, na wiki ile mitambo ilizidiwa. Bila umeme, feni imesimama na pampu ya maji haivuti, hivyo mabomba yakakauka. Juu ya hayo, Mwezi Mtukufu wa Ramadhani ulikuwa umeanza tarehe 19 Juni, na sheria ya nchi ya mwaka 1981 inakataza kula na kunywa hadharani mchana. Mbeba matofali akitoka kazini hakuti kibanda cha maji kilicho wazi. Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba funga iliua watu. Dini yenyewe imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula, na baadhi ya masheikh wa Karachi walitangaza wiki ile ile kwamba aliye hatarini afungue. Lakini tangazo lilikuja wakati hospitali zimeshafurika.

Wagonjwa walilazwa wawili wawili kitandani, wengine sakafuni. Chumba cha maiti cha taasisi ya Edhi, ile iliyoanzishwa na Abdul Sattar Edhi kuwahudumia maskini, kilijaa kupita uwezo wake. Upepo wa baharini uliporudi, wiki ikiwa inamalizika, watu zaidi ya 1,200 walikuwa wamekwisha kufa.

Ni akina nani hao? Wengi walikuwa wazee, vibarua, ombaomba, na watu wasio na makao. Mwenye kiyoyozi na jenereta aliona wiki mbaya. Mwenye chumba kimoja chini ya paa la bati au zege aliona kiama. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami nitaongeza kwamba mwenye kivuli hamjui mwenye jua.

Mara wakubwa wakaanza kurushiana mpira. Serikali ya jimbo ikailaumu serikali kuu, wote wawili wakalilaumu shirika la umeme, nalo shirika likajitetea. Mimi naona walisahau swali kubwa zaidi: ni nani aliyekuwa na kazi ya kuuonya mji? Mji ule ulikuwa na watu milioni moja na kidogo mwaka 1951. Sensa ya mwaka 1998 ilihesabu zaidi ya milioni 9. Zege lilipanda, miti ikapungua, na bado hapakuwa na utaratibu wa kupiga mbiu joto linapokaribia. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, ndivyo tulivyofundishwa. Karachi jambo lilikuwapo, mbiu haikulia.

Na wala si kwamba jambo hilo haliwezekani. Jirani yao, mji wa Ahmedabad nchini India, ulipigwa na joto mwezi Mei mwaka 2010, na vifo vya mwezi ule vikazidi vya kawaida kwa 1,344. Wakuu wa mji wakakaa na wataalamu, na mwaka 2013 wakatoa mpango. Ulikuwa na mambo gani? Maonyo kwa rangi, ujumbe kwenye simu, mafunzo kwa wauguzi, vituo vya maji ya kunywa. Hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Watafiti walikadiria baadaye kwamba mpango huo umekuwa ukiokoa watu zaidi ya elfu moja kila mwaka.

Karachi nayo ilipata mpango wake mwaka 2017. Lakini kabla ya hapo, mwezi Mei mwaka 2016, wachimba makaburi wa mji ule walichimba mapema handaki la kuzikia watu 300, ili joto likirudi lisiwakute hawajajiandaa. Nimelitafakari sana handaki hilo. Mtu wa jembe alijiandaa kwa kazi yake kabla mtu wa kalamu hajamaliza yake. Na mpango wa karatasi peke yake hautoshi. Mwishoni mwa Juni 2024 joto lilirudi, na taasisi ya Edhi ikasema imepokea maiti zaidi ya 500 kwa siku sita, wakati kwa kawaida hupokea 30 hadi 40 kwa siku.

Sasa turudi nyumbani. Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 400,000 katika sensa ya mwaka 1967. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5. Miembe na mikorosho imekatwa, nyumba zimebanana hadi upepo hauna njia. Mgao wa umeme tunaujua, na mabomba makavu tunayajua. Nyuzi 44 hatujaziona. Lakini kwa fukuto la pwani, kuli wa bandarini, mama lishe mbele ya moto wake na bibi kizee aliyefungiwa chumbani hawangoji nyuzi 44.

Tunajua ni nani anayetangaza mvua kubwa, na tunajua ni nani anayetangaza kipindupindu. Muulizeni diwani wenu, muulizeni mjumbe wenu: siku kusi au kaskazi itakapogoma kwetu, ni nani atakayepiga mbiu, na maji ya kunywa yatakuwa wapi? Kama hana jibu, tujue kwamba kazi ya kujiandaa tumemwachia mchimba kaburi.