Kikokotoo na Jedwali: Neno Katika Kanuni za Mtihani

Walimu wa hisabati wa Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe, kama wenzao nchini, kwa miaka mingi wamewafundisha watahiniwa kutumia majedwali ya logi. Jedwali nalo ni kazi iliyokwisha fanywa na wengine. John Napier alichapisha lake mwaka 1614. Mwaka 1972 ilitokea HP-35, kikokotoo cha mkononi chenye logi ndani yake. Mwaka 1974 ikafuata HP-65, iliyopokea programu. Tangu hapo neno «kikokotoo» peke yake halitoshi katika kanuni za mtihani. (Watumishi wa Serikali, tangu mwaka 2018, walisikiapo hukumbuka mafao ya kustaafu!) Mfasiri asipoongeza «kisichopokea programu», mtahiniwa mmoja ataingia na fomula zote mfukoni, na mwenzake, mbele ya msimamizi mwingine, atanyang'anywa chombo halali.