Herzl, Theodor (mwandishi wa habari)

Theodor Herzl (1860–1904), mzaliwa wa Pest, Hungaria, hukumbukwa kama mwasisi wa Uzayuni wa kisiasa, yaani harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi yao, lakini siasa yake haieleweki bila kazi yake ya uandishi wa habari. Tangu 1891 aliliwakilisha gazeti la Vienna, Neue Freie Presse, mjini Paris. Wengi hudai kesi ya Dreyfus, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyeshtakiwa uhaini kwa uongo, ndiyo iliyomgeuza kuwa Mzayuni. Kweli, Januari 1895 aliripoti jinsi kapteni huyo Myahudi alivyovuliwa vyeo uwanjani, alama za cheo zikinyofolewa na upanga ukivunjwa vipande. Ila tayari mwaka 1892 alikuwa ameandika makala kuhusu Wafaransa waliowachukia Wayahudi, na kazi ya kufuatilia bunge ilimwonyesha jinsi wanasiasa walivyoitumia chuki hiyo. Kesi ilithibitisha alichokwisha kukiona.

Wapo wanaoona kwamba kitabu chake cha 1896, Der Judenstaat (Dola ya Wayahudi), kilimtoa katika uandishi wa habari. Sivyo. Wakubwa wake gazetini, Wayahudi wenyewe, walikataa kuchapisha habari za Uzayuni, naye akaanzisha Die Welt, gazeti la Uzayuni, mwaka 1897, huku akiendelea kuhariri kurasa za fasihi za gazeti lao mpaka kufa.