Jina la mdudu hutoka wapi?

Wakulima wa mahindi huku Uasin Gishu wanamjua kwa sura tu. Ni kadudu kembamba ka kijani, mabawa yake yanapitisha mwanga na yamejaa mishipa kama wavu, macho yanang'aa kama dhahabu. Usiku hufuata taa. Jike hutaga kila yai kwenye ncha ya kikonyo chembamba kama unywele, na buu lake hula vidukari bila kuchoka. Ni rafiki wa shamba, lakini ukiuliza anaitwaje kwa Kiswahili utajibiwa, "Si ni mdudu tu."

Wanasayansi wanayo majina tele. Linnaeus wa Uswidi aliandika jina la mmoja wa jamii hii mwaka 1758. Mwaka 1815 Mwingereza Leach akaunda jenasi ya Chrysopa, yaani jicho la dhahabu kwa Kigiriki. Leo spishi zilizoelezwa zimepita 1,200. Hilo neno "kuelezwa" ndilo la kukaziwa macho. Katika mazungumzo yetu, kugundua ni kuona kitu kipya. Katika elimu ya viumbe kuona hakutoshi. Sharti mtu aandike sifa zinazomtenga kiumbe huyo na nduguze, ateue kielelezo kimoja cha kurejelewa na wengine, ampe jina lenye umbo la Kilatini, kisha achapishe. Kabla ya hapo kiumbe yupo na anaishi, ila katika vitabu hayupo.

Chukua kisa cha Malaysia. Mei 2011 mpiga picha Guek Hock Ping alimpiga picha mdudu wa jamii hii msituni Selangor, mwenye michoro myeusi na madoa ya buluu mabawani. Mdudu akaruka zake. Picha ikawekwa mtandaoni, na Shaun Winterton, mtaalamu wa wadudu huko California, akaiona kwa bahati. Akawaonyesha wenzake, hakuna aliyemtambua. Lakini bila mwili wa mdudu hawakuweza kuendelea. Januari 2012 Guek alirudi msituni, akamnasa mmoja na kumpeleka kwa Steve Brooks katika Makumbusho ya Historia Asilia, London. Humo kabatini kumbe mlikuwa na mwingine wa aina hiyo, aliyekusanywa Sabah mwaka 1981. Miaka thelathini amelala pale bila jina! Agosti 2012 watatu hao wakachapisha maelezo ya Semachrysa jade. Ungedhani ni lile jiwe la kijani. La hasha, ni jina la binti ya Winterton.

Baba kumpa mdudu jina la mwanawe hakumuudhi mtu. Hapa jirani, Nandi, jina lina uzito mwingine.

Mwaka 1904 Oldfield Thomas, mtaalamu wa wanyama wa makumbusho hayo hayo ya London, alieleza nguruwe mkubwa mweusi wa msituni, ambaye Ulaya haikuwa ikimjua. Ngozi na fuvu alivyovitumia vilitoka msitu wa Nandi, karibu na Kaimosi, vikiwa vimepelekwa na ofisa wa jeshi la King's African Rifles, Richard Meinertzhagen. Thomas akamwita mnyama huyo Hylochoerus meinertzhageni. Hylochoerus ni Kigiriki cha nguruwe wa msitu, sehemu inayosema ukweli kuhusu mnyama. Sehemu ya pili ni shukrani kwa mletaji.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Oktoba 1905, Meinertzhagen huyo huyo alimuua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyeongoza upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza, katika mkutano uliodaiwa kuwa wa kutafuta amani. Isitoshe, miongo mingi baadaye watafiti walibaini kwamba mtu huyu aliiba vielelezo vya ndege makumbushoni na kuvibandika tarehe na mahali pa uongo. Hata hivyo nguruwe wa Nandi bado anabeba jina lake. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hujali nani alitangulia kuchapisha; tabia ya mwenye jina haimo. Mji huu wetu uliwahi kuitwa Sixty-Four, nasi tukautamka "Sisibo", na mwaka 1912 ukawa Eldoret. Mji unaweza kubadilishwa jina. Nguruwe haruhusiwi.

Si lazima iwe hivyo kila mara. Kusini mwa Tanzania, wakazi wa kandokando ya mlima Rungwe walikuwa wakimtaja tumbili aitwaye kipunji. Watafiti waliowasikia walikwenda kumtafuta, na mwaka 2005 maelezo yake yakachapishwa huku jina la wenyeji likiachwa lilivyo. Kielelezo chenyewe kilikuwa picha, kwa kuwa watafiti hawakutaka kumuua mnyama adimu namna ile. Baadaye mmoja alipatikana amekufa katika mtego wa mkulima, na uchunguzi wa mwili wake ukaleta jenasi mpya mwaka 2006: Rungwecebus kipunji. Mlima na jina la wenyeji, vyote viwili vimo. Kanuni zile zile zilizomfunga nguruwe wa Nandi hazikuzuia hili. Tofauti ni kwamba safari hii kuna aliyeuliza wenyeji kabla ya kuandika.

Nasi tuna kazi ndogo iliyo ndani ya uwezo wetu, kwa sababu Kilatini hakitawali mazungumzo ya shambani. Leach aliona macho. Waingereza wa kawaida waliona mabawa, wakayafananisha na kitambaa cha nyuzi zilizosukwa zikaacha matundu. Kiswahili kina neno la kitambaa hicho na la wavu mdogo wa kuvulia: kimia. Binafsi naona "bawakimia" linatamkika vizuri, wingi "mabawakimia". Lakini kabla halijaingia kamusini, mtu na apite Moiben, Ziwa na Turbo awaulize wazee na akina mama wanaopalilia mahindi. Huenda Kikalenjin, Kiluhya au Kikikuyu cha huko tayari kimemwona mdudu huyu kwa yale mayai yake yanayoning'inia, nalo likawa jina bora kuliko langu.