Speke Alikuja Mwezi wa Agosti

Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alifika Mwanza na kulitazama ziwa akiwa juu ya kilima. Wenyeji waliliita Nyanza. Yeye akalipa jina la malkia wake, Victoria. Nilipoanza tasnifu yangu ya uzamili kuhusu vilima vya Mwanza katika karne ya 19, nilianza na yeye. Sura ya kwanza ikajaa mawe, vumbi na nyasi kavu.

Likizo moja nilimsomea bibi sura hiyo kibarazani kwake, Igogo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Na lile ua nililowakataza kuchimba, mbona halimo?”

Nililikumbuka mara moja: jekundu lenye kingo za njano, petali zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto. Wataalamu huliita Gloriosa superba, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Zimbabwe wamelifanya ua lao la taifa. Mvua zikinyesha, shina huchomoza kati ya mawe na kupanda vichakani kwa ncha za majani yake zinazojisokota. Kiangazi likifika, shina hufa, kikabaki kiazi ardhini. Kiazi hicho kina kolchisini, ambayo hospitalini ni dawa ya jongo, lakini ikizidi kidogo tu huua.

“Mjukuu wangu,” bibi alisema, “sisi tulikatazwa na mama zetu. Mtoto mwenye njaa hachagui kiazi.”

Agosti ni kiangazi. Speke hakudanganya, alikaa siku chache tu, katika msimu ambao ua hilo liko chini ya ardhi. Kosa lilikuwa langu: nilichukua mwezi mmoja nikaufanya karne nzima.

Niliiandika upya sura ile. Msimamizi wangu alipouliza chanzo, niliandika: mahojiano na bibi, Igogo.

Desemba nilipanda tena kilima cha nyuma ya nyumba. Wapasua kokoto wamekula nusu ya jabali tulilokuwa tukichezea, na pembeni vimeota vyumba vya kupanga. Kwenye ufa uliobaki, ua lilikuwa limechanua. Watoto wawili wa wapangaji walikuwa wamechuchumaa chini yake, wanafukua kwa kijiti. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Nikachuchumaa nao, nikawaambia.