Lugha ya Taifa na Mgeni Mlangoni

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametujulisha katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, kwamba kutafautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara Zake kwa wenye kujua. Anayetaka kuiona ishara hiyo kwa macho yake na aende Mbulu, nchi ya milima katika Mkoa wa Manyara. Huko Nambis wenyeji ni Wairaqw, na lugha yao ni ya ukoo wa Kikushi, mmoja na Kisomali. Jirani zao Wadatoga wana lugha ya Kiniloti. Katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, ambao lugha yao ya kualiza ulimi haijathibitika kuwa na udugu na nyingine yoyote. Kwa mtu wa Nambis, basi, Kiswahili ni lugha ya kujifunza, si ya kunyonya.

Ndugu msomaji, tukumbuke hayo tunapoutazama msimamo wa Mwalimu Julius Nyerere katika mambo mawili ambayo wengi hudhani hayakai nyumba moja: kuilinda lugha ya taifa, na kumpokea mgeni.

Tuanze na lugha. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Katika uchaguzi wa 1965 wagombea hawakuruhusiwa kufanya kampeni kwa lugha nyingine. Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kuwa kazi za serikali zifanywe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA.

Ama kuhusu mgeni, Oktoba 1961 wabunge walijadili sheria ya uraia. Baadhi yao walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Mhindi, Mwarabu na Mzungu wabaki nje, hata aliyezaliwa hapa. Mwalimu alikataa katakata. Alisema uraia ni utii kwa nchi, si rangi ya ngozi, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kama Bunge lingeamua vingine. Mwaka 1972 Warundi walipokimbia mauaji walipokewa, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Mwaka 1980 wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 walifunguliwa njia ya uraia. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa nishani ya Nansen, ya wenye kuwahudumia wakimbizi. Na mwaka 2014, yeye akiwa ameshafariki miaka 15, Warundi zaidi ya 160,000 walipata uraia.

Je, yapatana hayo mawili? Hapana shaka yapatana. Mwenye kuilinda lugha kwa kufunga mlango huilinda kama maiti. Mwalimu aliilinda kwa kuiongezea wasemaji, na Kiswahili chenyewe ni mwenyeji mkarimu tangu zamani: *kitabu* kilitoka kwa Waarabu, *bandari* kwa Waajemi, *meza* kwa Wareno, *gari* kwa Wahindi, na leo hakuna anayewaita wageni.

Lakini ulinzi huo haukuwa bure, na haki yataka tuseme nani aliulipia. Sheria ya Uraia ya 1995 ilimtaka mgeni mwenye kuomba uraia ajue Kiswahili au Kiingereza. Litazameni vyema neno hilo "au." Mgeni msomi aliweza kuingia katika taifa bila ya lugha ya taifa. Mzee wa Nambis hakupewa "au." Yeye, mwenyeji katika milima ya babu zake, mwaka 1965 alipaswa kumsikiliza mwombaji wa kura yake kwa lugha ambayo pengine aliijua nusu, na wajukuu zake wakafundishwa shuleni kwa lugha isiyo ya mama yao. Alikiweka Kiiraqw chake nje ya mkutano ili taifa lipate kusemezana. Hiyo ni sadaka, na mwenye kutoa sadaka hachekwi.

Basi sisi watu wa pwani tujipime. Kiswahili tulikipata kwa maziwa ya mama, hatukukitolea jasho. Na bado wako miongoni mwetu wanaomcheka mtu wa bara akikosea ngeli, ilhali wao wenyewe hukitupa Kiswahili kwa Kiingereza kibovu wakitaka kuonekana wameendelea. Nani kati ya hao wawili amekilinda Kiswahili? Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hotuba ya kuaga alifundisha kuwa Mwarabu si bora kuliko asiyekuwa Mwarabu ila kwa uchamungu. Kama lugha iliyoteremshiwa Qur'ani haikumpa mwenyewe ubora, yetu itatupa wapi?

Wajibu wetu ni huu: tukiseme Kiswahili sawasawa majumbani mwetu, tumsahihishe mwenye kujifunza kwa upole kama tunavyomsahihisha mtoto chuoni, na tusimwombe mgeni wala mwenyeji aione haya lugha ya mama yake. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye kuunganisha, wala si zenye kukata. Amin.