Mgeni huwa mwenyeji lini? Ukoo wa Block na hoteli zake

METHALI yatuambia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haituambii lolote kuhusu mjukuu wa mgeni. Je, naye apewe jembe tu, au sasa apewe na shamba?

Kwetu Rangwe swali hili lina uzito. Mtu aliyekaribishwa kuishi katika ardhi ya ukoo mwingine huitwa jadak. Wajukuu wake wanaweza kuzaliwa hapo na kuzika wazee wao hapo, lakini siku ya ugomvi wa mpaka wakumbushwe kwamba walitoka kwingine. Kiswahili nacho kina ‘mgeni’, neno moja linalomtaja anayeandaliwa chakula na pia asiyejulikana atokako. Hebu tulipime neno hili kwa historia ya familia moja ya Kiyahudi.

Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alifika Kenya mwaka 1903 akitokea Afrika Kusini. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza iliwapendekezea Wazayuni makao katika nyanda za Uasin Gishu. Wenyeji wa nyanda hizo hawakuulizwa. Mwaka 1905, mkutano wa Wazayuni mjini Basel uliukataa mpango huo. Mpango ukafa, Block akabaki.

Hakuwa tajiri. Inasimuliwa kwamba katika kuhangaika kwake alitengeneza magodoro ya nyasi kavu kwa hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa Nairobi Desemba 1904. Mwaka 1927 aliinunua hoteli hiyohiyo! Aliyejaza magodoro akawa ndiye anayewalaza wageni. Wanawe, Jack na Tubby, wakaipanua biashara hadi mashambani na mbugani. Kampuni yao ikaja kumiliki Outspan na Treetops kule Nyeri, na Keekorok katika Maasai Mara.

Lakini uenyeji huo ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, katika enzi ya ukoloni Mwafrika aliingia hoteli kubwa kupitia mlango wa nyuma, akiwa mpishi, dobi au mbeba mizigo. Mwenye nchi hakuwa na kitanda humo. Vita vilipozuka mwaka 1939, Wayahudi waliomkimbia Hitler walihesabiwa kuwa raia wa nchi adui. Stefanie Zweig, aliyekulia Kenya, amesimulia katika riwaya inayotokana na maisha yake jinsi wanawake na watoto walivyozuiliwa Norfolk, hoteli ya Myahudi mwenzao. Mpishi wa familia katika riwaya hiyo ni Mjaluo, Owuor. Ndiye anayemfundisha mtoto yule kuishi katika nchi hii. Kwa maoni yangu, mwenyeji halisi katika kisa hicho ni Owuor, ingawa mshahara wake ni wa mtumishi.

Pili, uenyeji wa Block haukukubaliwa na wote. Usiku wa Desemba 31, 1980, bomu lililipuka Norfolk na kuua watu kadhaa. Wengi walilihusisha na uvamizi wa Entebbe wa 1976, ambapo ndege za Israeli zilipata mafuta Nairobi. Kama ndivyo, basi kwa aliyelitega, miaka 77 ya ukoo huo nchini haikuhesabika. Alimwona jadak tu, na waliokufa walikuwa wageni waliokuja kuukaribisha mwaka mpya.

Siwatetei walowezi. Ardhi ilinyang’anywa, na hilo halifutwi na uzuri wa hoteli. Ninachokataa ni kuuliza “ulitoka wapi?” kana kwamba jibu lake linatosha. Sisi Wajaluo wenyewe tulikuja kutoka kaskazini, kizazi baada ya kizazi. Tukifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, nani atabaki Nyanza?

Kamusi zetu huweka ‘mwenyeji’ kuwa mkazi wa mahali na pia anayempokea mgeni. Naona maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati. Aliyekaa vizazi vitatu bila kumfungulia jirani mlango bado ni mgeni. Na jirani anayemnyima mjukuu wa jadak kaburi la babu yake amepoteza nusu ya uenyeji wake.