Wagonjwa Wenyewe Njo Walianza

Tangu mwaka 2025 uanze, kila tunapokaa kuhesabu sanduku la msaada kuna mtu anainua mkono na kuuliza: sanduku hili ni la matanga, la wamama waliojifungua na la nyumba zilizoungua, sasa mambo ya SIDA yanaingilia wapi? Serikali iko, hopitali ziko, ONG ziko. Swali si baya, na anayeuliza si mchoyo, juu franga zenyewe ni kidogo. Tumeona afadhali tulijibu kwa historia, maana sehemu kubwa ya historia hii ilipita wakati wengi wetu tulikuwa mbioni na mizigo kichwani.

Tuanze na jina. Sisi tuliokaa Nyarugusu na Lugufu tulirudi na neno UKIMWI. Waliobaki walikuwa wanasema SIDA. Meli zilipoanza kutushusha Baraka mwezi wa Oktoba 2005, kuna watu walioona kwamba wenye jina jipya njo wenye ugonjwa. Maneno hayo bado yanasemwa sokoni, hata leo, kwa sauti ya chini. Basi ijulikane. Damu ya zamani kuliko zote iliyokutwa na virusi hivi ilichukuliwa Kinshasa mwaka 1959, mji ukiitwa bado Léopoldville, kabla ya uhuru na kabla mkimbizi yeyote kati yetu hajavuka ziwa. Wataalamu waliofuatilia virusi nyuma zaidi, katika utafiti uliotoka mwaka 2014, wanasema vilianza kuenea kwa watu katika mji huohuo kwenye miaka ya 1920, kisha vikafuata njia za reli kwenda Lubumbashi na Mbuji-Mayi. Na kuhusu kambi: mwaka 2007 gazeti la madaktari la Lancet lilitoa uchunguzi uliolinganisha kambi za wakimbizi na wenyeji wa jirani. Katika makundi 12 ya kambi, 9 yalikuwa na ugonjwa mdogo kuliko wenyeji, 2 yalikuwa sawa, na 1 tu ndilo lililozidi. Anayetaka kubishana na mrudishwaji juu ya hili abebe kwanza hesabu hiyo.

Zaire ilikuwa kati ya nchi za kwanza za Afrika kuchunguza ugonjwa huu kwa bidii. Mwaka 1983 Dr Kapita Bila alikuwa tayari anaona wagonjwa wengi katika hopitali ya Mama Yemo, Kinshasa, wanaokonda na kufa bila sababu iliyojulikana, na mwaka huo wageni akiwemo Peter Piot walikuja kuona pamoja naye. Mwaka uliofuata ukaanzishwa Projet SIDA, kazi kubwa ya utafiti. Mjini watu walikuwa wanacheka bado. Walisema herufi za SIDA maana yake ni ugonjwa uliobuniwa kuwavunja moyo wapendanao. Franco alitoa wimbo wa onyo mwaka 1987, watu wakaucheza.

Lakini kuna sehemu moja ya kazi ile tunayotaka isisahauliwe. Mwaka 1988 ilifunguliwa kliniki Matonge kwa ajili ya wanawake waliokuwa wanauza mwili. Watu ambao hakuna chama kilichokuwa kinataka kuwaona kwenye orodha yake. Walipopimwa zaidi ya 1,200, karibu 35 katika kila 100 walikuwa tayari na virusi. Wale 531 ambao hawakuwa navyo walifuatwa miaka mitatu: kila mwezi walipimwa na kutibiwa magonjwa mengine ya zinaa, walipewa kapoti, na walikaa kikundi kuzungumza namna ya kumshawishi mteja asiyetaka. Mwanzoni, katika wanawake 100, karibu 12 walikuwa wanaambukizwa kwa mwaka. Mwishoni ilikuwa 4 na kidogo. Dawa ya kuzuia virusi visizaane mwilini haikuwa sehemu ya kazi hiyo. Iliyofanya kazi ni kapoti, tiba ya kawaida, na wanawake kufundishana maneno ya kusema mlangoni.

Tusiipambe zaidi ya ilivyokuwa. Kazi ya Matonge iliongozwa na madaktari, na vitabu vyake vilikaa kwa madaktari. Septemba 1991 askari wakaanza uporaji, wageni wakaondoka, Projet SIDA ikaisha. Wanawake walibaki Matonge na walichojifunza kichwani, bila kliniki.

Uganda mambo yalianza upande mwingine. Christopher, mume wa Noerine Kaleeba, alifariki kwa ugonjwa huu Januari 1987. Mama huyo alikuwa anafanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa katika hopitali ya Mulago. Mwaka huohuo yeye na wenzake, jumla 16, wakaanzisha TASO. Wengi wao walikuwa na virusi wenyewe, na wengi hawakuishi kuona dawa. Hawakuwa na tiba ya kutoa. Walikaa na mgonjwa, walikula naye, walimfundisha dada yake kumwosha bila woga, walimsaidia kuandika nani atabaki na watoto. Tanzania walifuata mwaka 1989 na WAMATA, iliyoanzishwa na Theresa Kaijage. Ukisoma kirefu chake, Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, unaona kwamba neno la kwanza ni «walio». Kwetu Kinshasa ikaja Amo-Congo mwaka 1993 kwa ajili ya yatima, na Fondation Femme Plus mwaka 1994 kwa wanawake wenye virusi na jamaa zao. Vyote hivi vilianza kama likelemba zetu zinavyoanza: watu wachache, shida moja, hakuna ofisi.

Dawa za kupunguza makali zilipofika Ulaya na Marekani mwaka 1996, bei yake ilizidi dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwaka huo sisi tulikuwa tunatoroka vita kwenda Kigoma. Mwaka 2001 kiwanda cha Cipla cha India kikatangaza dola 350. Hata hivyo wakubwa wengi walisema Kongo ya mashariki isubiri: watu wa vita hawawezi kumeza dawa kila siku kwa saa yake, watakatisha, virusi vitazoea dawa, franga zitapotea.

Bukavu ilijibu. Oktoba 2003 Médecins Sans Frontières walianza kutoa dawa pale, na kabla ya vita kurudi waliandaa mpango pamoja na wagonjwa wenyewe. Kila mmoja alikuwa na akiba ya dawa nyumbani kupita ya mwezi. Kila mmoja alielezwa kliniki ikifungwa aende fasi gani nyingine. Mwisho wa Mei 2004 risasi zikaanza, na tarehe 2 Juni mji ukawa mikononi mwa askari wa Mutebutsi na Nkunda. Wagonjwa walijificha, wengine walihama, kliniki haikuweza kufanya kazi kama kawaida. Na karibu wote waliendelea kumeza dawa. Tunalirudia kwa ajili ya wale wanaosema masikini wa vita hana nidhamu: walikuwa wamelala chini ya vitanda na bado walijua saa.

Kisha ikaja njaa ya franga. Novemba 2011 Mfuko wa Dunia ulifuta duru yake ya 11 ya misaada kwa sababu wafadhili hawakutoa walichoahidi. Wakati huo katika Kongo nzima ni kama 15 tu katika kila 100 waliohitaji dawa ndio waliokuwa wanaipata, na fasi nyingi wapya walikuwa wanarudishwa: tutakuandika, mwenzako akifa tutakuita. Wafadhili wanaotusoma watatusamehe, lakini hivyo ndivyo ilivyosikika huku chini.

Kinshasa walikuwa wameshaanza njia nyingine mwaka 2010. Mtandao wa vyama vya wagonjwa, RNOAC, pamoja na Médecins Sans Frontières, ulifungua vituo katika kartie vinavyoitwa PODI. Ndani hakuna daktari. Kuna mwenye virusi mwenzako aliyefundishwa: anakupima uzito, anakuuliza juu ya homa na kikohozi, anakupa dawa ya miezi mitatu, unakwenda. Kwa daktari unakwenda mara moja kwa mwaka, isipokuwa umeugua. Hopitalini mtu alikuwa anapoteza kama dakika 85. Kwenye PODI 12. Nauli ilishuka mara tatu. Mama anayeuza samaki anaelewa hesabu hiyo bila kuelezwa, juu siku ya hopitali ni siku ambayo meza yake sokoni iko tupu.

Sheria nayo ilisogea polepole. Ile ya tarehe 14 Julai 2008 inakataza kumbagua mtu kwa virusi na inalinda siri yake. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu cha 45 kilichotisha kumfunga aliyeambukiza mwingine kwa makusudi, na matokeo yake yalijulikana: mwanamke anayepimwa kwanza wakati wa mimba njo anayeonekana mkosaji. Kifungu kilifutwa mwaka 2018, baada ya wanaharakati kukipiga vita miaka mingi.

Sasa turudi kwenye sanduku. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwezi huohuo Goma ikachukuliwa. Februari ikawa Bukavu. Mambo ya 2004 na ya 2011 yalitufika yote mawili kwa wakati mmoja. Katika historia hii hatukuona fasi ambapo kikundi kidogo kilinunua dawa. Tuliona nauli, akiba ya nyumbani, mtu anayekwenda kuchukua kwa niaba ya wengine watano, na mama anayejua mlango mwingine wa kubisha ule wa kwanza ukifungwa. Hayo sanduku letu linaweza. Linaweza pia kwa dada zetu wanaofanya kazi ya usiku bandarini na kwenye machimbo, ambao baadhi yenu hamtaki watajwe hapa. Wamama wa Matonge hawakuwa tofauti nao.

Tunapendekeza kwa mkutano mkuu sehemu ya michango itengwe kwa nauli hiyo. Katika daftari la mweka hazina hakutaandikwa jina la mtu wala la ugonjwa. Zitaandikwa tarehe, safari na franga. Mfadhili anayetaka ripoti atapata hizo tatu.